VIYOYOZI, MAJOKOFU NA MAJENGO YA VISIWANI: UFAFANUZI KWA WATUMISHI WA UMMA NA WANANCHI

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Disemba hadi Machi, upepo wa Kaskazi unapovuma na jua linapokuwa kali, mahitaji ya ubaridi katika visiwa vya Unguja na Pemba huongezeka. Viyoyozi huwashwa maofisini tangu asubuhi, majokofu ya wauza samaki na maziwa hufanya kazi bila ya kupumzika, na mapanka huzunguka majumbani usiku kucha. Ubaridi huo si anasa. Chanjo nyingi za watoto zinazowekwa katika vituo vya afya lazima zihifadhiwe katika joto la kati ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi, na mvuvi asiyepata barafu hulazimika kuuza samaki wake kwa bei yoyote kabla jua halijapanda. Kwa hiyo suala lililopo si kama ubaridi utumike au usitumike. Suala ni ubaridi wa namna gani, kwa gesi gani, kwa umeme kiasi gani, na katika majengo yaliyojengwa vipi.

Ufafanuzi huu unatolewa ili watumishi wa umma, hasa wale wanaoshughulikia ununuzi wa vifaa na utunzaji wa majengo, pamoja na wananchi kwa jumla, wafahamu makubaliano ya kimataifa yanayohusu jambo hili na namna yanavyomgusa kila mwenye jokofu, kiyoyozi au nyumba ya kujenga.

Umeme upitao chini ya bahari

Yafaa kwanza ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya umeme unaotumika Zanzibar hutoka Tanzania Bara kwa kupitia kebo zilizolazwa chini ya bahari. Kebo ya kwanza, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ilianza kutumika mwaka 1980. Kebo ya pili yenye uwezo wa megawati 100 ilikamilika mwaka 2013. Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010.

Wananchi wa Unguja hawajasahau yaliyotokea hitilafu ilipoikumba njia hiyo. Kuanzia Mei hadi Juni 2008 kisiwa kilikaa bila ya umeme kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kilikaa tena gizani kwa muda wa miezi mitatu hivi. Pampu za maji zilisimama, vyakula vikaharibika majokofuni, na mahoteli na hospitali zikategemea majenereta ya dizeli.

Mambo hayo yana uhusiano wa moja kwa moja na viyoyozi. Panka moja la darini hutumia kiasi cha wati 70. Kiyoyozi kimoja cha kawaida cha chumba, chenye ukubwa wa BTU 12,000, huweza kutumia kiasi cha wati 1,100 kinapofanya kazi kwa nguvu zote, yaani umeme unaotosha mapanka 15. Kila kiyoyozi kinachofungwa katika chumba ambacho kingeweza kupozwa kwa upepo na kivuli ni mzigo unaoongezwa juu ya kebo ile ile, na mara nyingi mzigo huo huja saa zile zile za mchana ambazo kila mtu anautaka umeme.

Hali hii si ya Zanzibar peke yake. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza mwaka 2018 kwamba duniani kulikuwa na viyoyozi vipatavyo bilioni 1.6, na kwamba idadi hiyo ingeweza kufikia bilioni 5.6 ifikapo mwaka 2050. Viyoyozi na mapanka hutumia takriban asilimia 10 ya umeme wote wa dunia. Pale umeme huo unapozalishwa kwa makaa ya mawe, mafuta au gesi asilia, kuupoza mji ni kuipasha moto dunia.

Gesi iliyomo ndani ya mashine

Mzigo wa pili ni gesi. Jokofu na kiyoyozi havitengenezi baridi. Kazi yake ni kulihamisha joto kutoka ndani na kulitupa nje. Joto hilo hubebwa na gesi maalumu inayozungushwa katika mabomba, ikigeuzwa kuwa majimaji kwa kukandamizwa na kuwa gesi tena kwa kuachiwa. Maadamu gesi imo ndani ya mabomba, haina madhara kwa hewa. Inapovuja au kuachiwa na fundi, madhara huanza.

Kwa muda mrefu gesi zilizotumika zaidi zilikuwa za jamii ya klorofluorokaboni, kwa kifupi CFC, na iliyojulikana sana na mafundi wa majokofu ni R-12. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionesha kwamba gesi hizo hupanda hadi juu ya anga na huko klorini iliyomo ndani yake hulila tabaka la hewa ya ozoni, ambalo huwakinga viumbe na miale mikali ya jua. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba tabaka hilo limepungua vibaya juu ya bara la Antaktika. Miale hiyo huleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho, na hudhuru mimea na viumbe vidogo vya baharini ambavyo samaki huvitegemea.

Itifaki ya Montreal

Tarehe 16 Septemba 1987, katika mji wa Montreal nchini Kanada, mataifa yalitia saini itifaki ya kupunguza na hatimaye kuziondosha gesi hizo. Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1993. Leo nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zimo ndani ya itifaki hiyo, jambo ambalo ni nadra kwa mikataba ya mazingira.

Itifaki hiyo ilifaulu kwa sababu mbili kubwa. Kwanza, iliweka tarehe, na kila gesi ikapewa mwaka wake wa mwisho. Nchi tajiri ziliacha mapema, na nchi zinazoendelea zikapewa muda wa ziada hadi tarehe 1 Januari 2010 kuiacha CFC. Pili, ilikubaliwa mwaka 1990 kuanzishwa mfuko wa pamoja, unaochangiwa na nchi tajiri, wa kuzisaidia nchi zinazoendelea kwa mafunzo ya mafundi, vifaa vya karakana na kubadilisha mitambo. Kwa njia hiyo mzigo haukuachiwa yule aliyechangia kidogo kabisa katika kuleta madhara.

Matokeo yake yanaonekana. Tathmini ya wanasayansi iliyotolewa na Umoja wa Mataifa mwezi wa Januari 2023 ilieleza kwamba, ikiwa masharti yataendelea kufuatwa, tabaka la ozoni katika sehemu kubwa ya dunia litarejea katika hali ya mwaka 1980 ifikapo takriban mwaka 2040, na juu ya Antaktika takriban mwaka 2066.

Baada ya CFC zilikuja gesi za mpito, ambazo maarufu kwa viyoyozi ni R-22. Hii nayo hudhuru ozoni, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa nchi zinazoendelea, matumizi ya gesi za jamii hiyo yalitakiwa yapunguzwe kwa asilimia 67.5 kufikia mwaka 2025, na kuanzia mwaka 2030 kitakachoruhusiwa ni kiasi kidogo tu cha kuhudumia mashine za zamani, hadi mwaka 2040. Kwa maneno mengine, mwenye kiyoyozi cha R-22 leo ana mashine ambayo gesi yake inazidi kuadimika.

Makubaliano ya Kigali

Gesi zilizochukua nafasi ya hizo ni za jamii ya HFC, kama vile R-134a kwa majokofu na R-410A kwa viyoyozi. Hizi haziligusi tabaka la ozoni, lakini zina kasoro nyingine: hulizuia joto katika anga kwa nguvu kubwa mno. Katika kipindi cha miaka 100, kilo moja ya R-134a hulizuia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa. Kilo moja ya R-410A ni sawa na kilo 2,088.

Mfano mmoja unatosha kueleza uzito wa jambo hilo. Kiyoyozi kidogo cha ukutani huwa na gesi ya kiasi cha kilo moja. Fundi anayekifungua kiyoyozi cha R-410A na kuiachia gesi yake hewani, kitendo cha dakika chache, anaitia anga madhara yanayokaribia yale ya kuchoma lita 900 za petroli.

Kwa sababu hiyo, tarehe 15 Oktoba 2016, wanachama wa Itifaki ya Montreal walikutana Kigali, mji mkuu wa Rwanda, wakakubaliana kuziingiza gesi za HFC katika orodha ya zinazopunguzwa. Makubaliano hayo yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Yakitekelezwa kikamilifu, inakadiriwa yataiepusha dunia na ongezeko la joto linaloweza kufikia nusu nyuzi ya Sentigredi ifikapo mwisho wa karne hii. Kwa visiwa vinavyoshuhudia bahari ikila fukwe na maji ya chumvi yakiingia mashambani, nusu nyuzi si jambo dogo.

Ratiba ya Kigali ina makundi. Nchi za Afrika zimo katika kundi la kwanza la nchi zinazoendelea, ambalo kiwango chake kilisimamishwa mwaka 2024, kisha kinatakiwa kipungue kwa asilimia 10 mwaka 2029, asilimia 30 mwaka 2035, asilimia 50 mwaka 2040 na asilimia 80 mwaka 2045. Kundi la pili, ambamo zimo India na nchi za Ghuba ikiwemo Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, kiwango chake kitasimamishwa mwaka 2028.

Tofauti hiyo ya miaka ina maana kwa Zanzibar. Bidhaa nyingi zinazouzwa Unguja hupitia Dubai. Mashine inayouzwa huko kwa bei nafuu inaweza kuwa na gesi ambayo kwa ratiba ya nchi za Afrika itabanwa mapema zaidi. Kiyoyozi hukaa miaka 10 au zaidi, na aliyekinunua kwa urahisi leo huenda akabaki nacho wakati gesi yake ni ghali au haipatikani. Hali kadhalika majokofu kuukuu yanayoletwa kutoka nje: bei yake ni ndogo, lakini umeme yanaoutumia ni mwingi na gesi yake ni ya zamani. Ghana ilipiga marufuku uingizaji wa majokofu yaliyotumika kuanzia mwaka 2013 kwa sababu hizo hizo.

Kuisoma lebo

Kila jokofu na kiyoyozi huwa na lebo, kwa kawaida nyuma au ubavuni, inayotaja aina ya gesi na uzito wake. Mnunuzi anashauriwa aisome kabla ya kulipa.

R-12 ni gesi iliyokwisha kuachwa. R-22 imo katika hatua za mwisho za kuachwa. R-410A na R-134a haziharibu ozoni lakini hupasha joto anga, na zimo katika ratiba ya Kigali. R-32 nayo ni HFC, ila nguvu yake ya kupasha joto ni 675, yaani chini ya theluthi moja ya ile ya R-410A. R-600a, inayotumika katika majokofu mengi mapya ya nyumbani, na R-290, ambayo ni propani iliyosafishwa, nguvu yake haifiki 5.

Hapa lazima itolewe tahadhari. R-600a na R-290 hushika moto, na R-32 nayo huweza kushika moto ingawa si kwa wepesi. Zimo salama katika mashine zilizotengenezwa kwa ajili yake. Ni hatari kubwa kuijaza R-290 katika kiyoyozi kilichotengenezwa kwa R-22 kwa kisingizio cha kupunguza gharama, kwa kuwa nyaya na swichi zake hazikuandaliwa kwa gesi inayowaka.

Kazi ya fundi

Mikataba yote iliyotajwa hukamilika au huvunjika mikononi mwa fundi. Kiyoyozi kisichovuja hakihitaji kuongezwa gesi kila mwaka. Fundi anayeambiwa na mwenye ofisi "tia gesi tu, mambo yaishe" analazimishwa kujaza chombo kilichotoboka, na baada ya miezi michache ataitwa tena. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Utaratibu ulio sahihi ni kuinasa gesi iliyobaki katika mtungi, kuutafuta uvujaji kwa kutumia naitrojeni, kuuziba, kuifyonza hewa na unyevu kutoka katika mabomba kwa pampu, na ndipo kujaza gesi kwa kupima kwa mizani. Kazi hiyo huchukua muda mrefu zaidi na malipo yake ni makubwa zaidi mara ya kwanza, lakini ni nafuu kuliko kuirejea mara tatu.

Jengo ndilo kiyoyozi cha kwanza

Hata mashine bora haiwezi kulishinda jengo baya. Ofisi yenye kioo kikubwa kinachotazama magharibi huingiza joto mchana kutwa, na kiyoyozi hulitoa, likaingia jingine. Wajenzi wa zamani wa visiwa hivi, ambao hawakuwa na umeme, walilijua jambo hilo vyema.

Nyumba za Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa nusu mita au zaidi. Ukuta wa namna hiyo hulipokea joto polepole, na jua likizama ndani huwa bado kumepoa. Vyumba ni vyembamba, kwa kawaida mita 3 hivi, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Kwa hiyo upepo hupita kutoka upande mmoja hadi wa pili bila ya kukwama. Dari ziko juu, ua wa katikati huitoa hewa ya joto, na madirisha ya vibao vya mshazari huruhusu upepo huku yakilizuia jua. Vichochoro vyembamba huzipa kuta kivuli.

Hayo hayana maana kwamba kila mtu ajenge kwa mawe na boriti. Miti ya mikoko nayo inahitaji kuhifadhiwa. Kinachotakiwa ni kuufuata msingi wake. Zanzibar iko katika latitudo ya 6 kusini, na jua hupita utosini mapema Machi na mapema Oktoba. Jua la saa sita huzuiwa na paa, lakini la asubuhi na la alasiri huja chini chini na kuingia madirishani. Kwa sababu hiyo nyumba inayoelekeza pande zake ndefu kaskazini na kusini hupata jua dogo, na hapo hapo hupokea upepo wa Kaskazi na wa Kusi. Upande wa magharibi unafaa uwekewe stoo, ngazi au vyoo, au upandwe mkungu au muembe wa kivuli.

Paa la mabati lisilo na dari hukigeuza chumba kuwa tanuri. Dari yenye nafasi ya hewa juu yake hupunguza joto kwa kiasi kikubwa. Paa la zege likipakwa rangi nyeupe au chokaa hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua. Aidha, wenye nyumba za Mji Mkongwe wanakumbushwa kwamba ukuta wa matumbawe hupumua: ukipakwa saruji, unyevu hufungika ndani, chumvi hutoka, na ukuta huanza kuliwa. Chokaa ndiyo dawa yake.

Wanayofanya wengine

Rwanda ilipitisha mkakati wake wa taifa wa ubaridi mwaka 2019, na Kigali kumeanzishwa kituo cha Afrika cha mafunzo ya ubaridi endelevu na uhifadhi wa mazao, kwa ushirikiano na Uingereza na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. India, kuanzia Januari 2020, iliwataka watengenezaji waviweke viyoyozi vipya vya vyumba viwake kwa nyuzi 24, na anayetaka kubadilisha abadilishe mwenyewe. Japani, tangu mwaka 2005, iliwaruhusu watumishi wa serikali kuacha koti na tai wakati wa joto na kuviweka viyoyozi katika nyuzi 28. Katika nchi ambayo kanzu nyepesi na shati la pamba ni mavazi ya heshima, jambo hilo la mwisho halihitaji mafunzo. Katika mkutano wa tabianchi uliofanyika Dubai mwezi wa Disemba 2023, zaidi ya nchi 60 ziliahidi kupunguza gesi chafu zitokanazo na ubaridi kwa asilimia 68 ifikapo mwaka 2050, zikilinganishwa na za mwaka 2022.

Ushauri

Wakuu wa ofisi, maafisa ununuzi na wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Kabla ya kununua kiyoyozi, chumba kiangaliwe kwanza: kivuli, mapazia, rangi ya paa, na kama panka litatosha.

(b) Hati za zabuni zitaje aina ya gesi na kiwango cha matumizi ya umeme, si bei na ukubwa peke yake. Mashine ziagizwe za R-32, R-290 au R-600a pale zinapopatikana, na zenye injini inayojipunguza kasi chumba kinapopoa.

(c) Kiyoyozi kiwekwe nyuzi 24 hadi 26, milango na madirisha yafungwe kinapofanya kazi, na kizimwe watu wanapotoka.

(d) Vichungi vya hewa visafishwe mara kwa mara, na raba za milango ya majokofu zikaguliwe. Karatasi inayochomoka kwa urahisi mlango ukiwa umefungwa ni dalili ya raba iliyochoka.

(e) Mkataba wa matengenezo uhesabu uvujaji uliozibwa, usihesabu kilo za gesi zilizojazwa.

(f) Mashine mbovu isitupwe jaani wala kukatwa mabomba kabla gesi yake haijanaswa.

(g) Michoro ya majengo mapya ya shule, vituo vya afya na ofisi ioneshe upande wa jua na upande wa upepo kabla haijaidhinishwa.

Makubaliano ya Montreal na ya Kigali yalifikiwa na mawaziri na wataalamu katika kumbi za mikutano. Utekelezaji wake uko kwa afisa anayeandika hati ya zabuni, fundi anayeushika mtungi, na mwananchi anayechagua mahali pa kuliweka dirisha la nyumba yake.